Vidole Viwili vya Kukua

Mtaani walimwita Bibi Vidole Viwili, na jina lenyewe alilipata kihalali. Alikuwa fundi cherehani wa sare za shule, na katika miaka yake yote ya kushona hakuwahi kumpima mtoto bila kupenyeza vidole viwili kati ya futi yake ya kupimia na mwili wa mtoto. Kifuani vidole viwili, kiunoni vidole viwili, na kwenye upindo wa sketi alikunja kitambaa kingi kama bahasha. Mzazi akilalamika kwamba mtoto anaonekana amevaa nguo ya dada yake, Bibi alicheka.

"Mimi simshonei mtoto wa leo," alisema. "Namshonea wa mwaka ujao. Huyu wa leo ataondoka wewe ukiwa umelala."

Wazazi walinung'unika, wakaondoka, na baada ya mwaka walimtumia salamu za shukrani, kwa sababu sketi ilikuwa bado inavalika.

Sebule yake ndiyo ilikuwa karakana. Cherehani ilikaa dirishani, meza ya kukatia katikati, kioo kirefu chenye ufa pembeni, na vijinyuzi vya bluu vilimfuata kila mtu hadi jikoni vikiwa vimenasa kwenye nyayo. Humo aliishi na mjukuu wake, binti wa binti yake. "Mke mwenzangu," ndivyo alivyomwita, na mjukuu hakukubali kushindwa.

"Mke mwenza gani hajui hata kuchuja chai!" alijibu, akitema jani lililomnasa kwenye ulimi.

Mama wa mtoto alikuwa mbali, ng'ambo, akifanya kazi katika chumba cha kufulia cha hoteli kubwa. Alipoondoka, mtoto alikuwa bado ana pengo la meno ya mbele. Siku chache kabla ya safari walikwenda wote watatu ziwani. Mtoto alimng'ang'ania mama shingoni, maji yakiwa yamewafika kiunoni, akalia kwamba asiende. Mama akatafuta neno la kumtuliza. Akanyoosha mkono kuelekea kisiwa cha mawe kilichoko mbele, katikati ya maji.

"Unakiona kile? Siku utakayoweza kuogelea mpaka pale, mimi nitakuwa nimesharudi."

Lilikuwa neno la kumnyamazisha mtoto tu. Watu wazima husema maneno kama hayo kila siku, wakayasahau kabla hawajakausha miguu. Lakini Bibi alikuwa amesimama ukingoni ameshika taulo, na alimwona mtoto akinyamaza ghafla, akakitazama kile kisiwa kama mtu anayehesabu kitu kimoyomoyo.

Mkataba wa mama ukaisha, ukaongezwa. Ukaisha tena, ukaongezwa tena. Mtoto akajifunza kuogelea katika bwawa la mjini, kwanza akishika ukingo, kisha akiuacha. Alipofika umri wa miaka kumi na minne alikuwa anarefuka kama anayevutwa kwa kamba kutoka juu, na kocha akamchagua kuwa miongoni mwa wale wanaopelekwa ziwani kujifunza kuogelea kwenye maji ya wazi, mahali pasipo na ukuta wa kushika wala mstari wa bluu chini wa kukuongoza.

Kocha huyo vijana walimwita Filimbi, kwa sababu filimbi haikutoka shingoni mwake hata akiwa anakula. Alikuwa mtu wa maneno machache, na alikuwa na sheria moja isiyopindika. Maji ya ziwa lile yalitoka milimani. Juu jua liliyapasha, lakini ukizamisha mkono hadi kwenye kiwiko ulidhani umeutia ndani ya friji. Kwa hiyo kila mwogeleaji alipaswa kuvaa suti ya mpira, ile nyeusi inayofunika mwili kuanzia shingoni hadi kwenye vifundo vya miguu. Mwisho wa msimu, wote wangeogelea hadi kisiwani na kurudi, Filimbi akiwafuata kwa boti. Asiye na suti inayomtosha angebaki ukingoni kuwashikia wenzake taulo.

Msimu uliopita, akiwa bado mgeni asiyeruhusiwa kwenda kisiwani, mjukuu aliazima suti ya klabu. Mwaka huu alipoijaribu, mikono iliishia karibu na viwiko, na alipoinama kufunga kamba ya kiatu ikapasuka mgongoni kwa sauti iliyowafanya wenzake wote wageuke.

"Pole, Mama Ngamia," mmoja akamtania.

"Ngamia angalau anaogelea," akajibu, lakini jioni hiyo Bibi alimwona amekaa juu ya ndoo iliyogeuzwa, akitazama vifundo vya mikono yake kana kwamba vimemkosea.

Mama alipopata habari alisema kwa simu, bila hata kusubiri aombwe, "Hiyo nitamnunulia mimi. Huku zipo. Mpime, Mama, unitumie vipimo."

Basi Bibi akampima. Alizungusha futi kifuani, kiunoni, kwenye paja, na vidole viwili vikapenya vyenyewe, bila kuitwa. Aliandika, akatuma, akarudi kwenye sare zake.

Mzigo ulikuja na mwanamke mmoja aliyefanya kazi na mama, aliyekuwa akija nyumbani kwa likizo. Hakutaka kumpa mtu mwingine aufikishe. Aliuleta mwenyewe mlangoni, akakataa hata kukaa kwa kuwa watoto wake walikuwa bado hawajamwona. Bibi hakulisahau jambo hilo: mtu amekaa mwaka mzima bila kuwaona watoto wake, na anapitia kwanza kwako kukuletea mzigo wa mwanao.

Suti ilikuwa imefungwa ndani ya taulo jeupe. Mjukuu hakuifungua kwanza. Alizika uso ndani ya taulo.

"Inanukia sabuni yake," alisema.

Bibi hakuuliza kama ni sabuni ya mama au ya hoteli.

Kisha mtoto akaingia chumbani, akakaa huko kidogo, akatoka. Walitazamana kwenye kioo. Suti ilimning'inia mabegani, ikafanya mikunjo tumboni, na matakoni palikuwa na nafasi ya kuweka mkate mzima. Walicheka wote wawili mpaka Bibi akashika meza. Halafu mjukuu akaacha kucheka. Akapeleka mkono nyuma, akakusanya mpira wote uliozidi ndani ya ngumi, ili mbele paonekane pamembana.

"Inanitosha," alisema.

"Mke mwenzangu…"

"Inanitosha, Bibi. Ni Mama ameichagua."

Jumamosi walikwenda ziwani. Filimbi alimtazama mtoto, akamtazama Bibi, asimzuie. Pengine aliona namna mtoto alivyokuwa akiishika ile suti kola. Akamwambia aingie, lakini asivuke boya la kwanza, na yeye mwenyewe akaingia naye hadi kifuani akiwa na nguo zake.

Haukupita muda mrefu. Maji yalimwingia shingoni na mikononi, yakajaza suti kama gunia, na kila alipopiga mkono mmoja yale ya ndani yalitoka, mengine mapya ya baridi yakaingia. Alirudi anaburuta miguu, midomo imekuwa ya kijivu, meno yanagongana. Filimbi hakumkaripia. Alichukua jaketi lake kavu lililokuwa botini, akamfunika, akamsugua mgongo mpaka rangi ikarudi.

Kisha akamsogelea Bibi na kuinama kidogo, kama mtu anayezungumza na mama yake.

"Bibi, hili vazi linafanya kazi kwa kubana. Linaruhusu maji kidogo tu, mwili unayapasha moto, yanatulia humo. Likipwaya, maji hayatulii. Hii siyo sare ya shule. Lazima imkamate mtoto alivyo leo."

"Alivyo leo," Bibi akarudia.

"Ndiyo. Kwa hii, kisiwani simpeleki. Nisamehe."

Bibi alihisi vidole vyake viwili vya mkono wa kulia vikipata moto, kama vimeshikwa na pasi. Akavifumbata.

Waliporudi mtaani, Bibi alichukua suti akaipeleka kwa fundi viatu, jirani yake wa ukuta mmoja, akamwuliza kama inaweza kupunguzwa. Fundi viatu aliivuta, akaikunja, akaitazama mishono yake dhidi ya mwanga. Angeweza kusema ndiyo na kula fedha ya watu.

"Hapana, mama," alisema. "Hapa hakuna hata uzi mmoja uliotoboa upande wa pili. Mimi na wewe tukiishona, kila tundu la sindano litakuwa mlango wa maji. Na mpira huu ni mzuri. Usiuharibu. Uweke, atakuja kuuvaa."

Akaikunja taratibu, akamrudishia kwa mikono miwili.

Nyumbani, mjukuu alikuwa amekaa sakafuni kando ya cherehani akiokota pini kwa sumaku, kazi aliyokuwa akiifanya tangu akiwa mdogo kila alipokuwa na jambo.

"Itabidi tumwambie mama yako," Bibi alisema.

"Usimwambie."

"Kwa nini?"

Pini zikalia kwenye kopo. "Atajua kwamba hanijui nilivyo."

Bibi akakaa kwenye kiti chake cha kushonea. Alitaka kusema mengi, lakini aliyekuwa mbele yake hakuwa mtoto wa kunyamazishwa tena.

"Siyo yeye asiyekujua," alisema. "Ni mimi. Nilikupima na vidole vyangu, kama ninavyowapima wote. Nikamtumia mama yako vipimo vya mtu ambaye bado hajafika."

Mjukuu akaweka sumaku chini. "Hata mimi, Bibi? Hata mimi ulinipima kama sare?"

"Hata wewe. Wewe zaidi ya wote." Bibi akashusha pumzi. "Kila nikikupima nasema moyoni, nimwachie mama yako nafasi kidogo. Akirudi akute hujamaliza kukua."

Nje, fundi viatu alikuwa akigonga kisigino. Kisha Bibi akavua futi shingoni.

"Inuka, mke mwenzangu. Leo nakupima ulivyo."

Mtoto akasimama, akanyanyua mikono. Bibi akazungusha futi kifuani, ikalala juu ya ngozi, akasoma. Akashuka kiunoni.

"Bibi, umesahau vidole."

"Sijasahau."

Ilikuwa kazi ngumu kuliko alivyodhani. Mkono wa kulia ulikuwa unataka kupenya wenyewe, ikabidi aufundishe upya kila mahali: begani, pajani, kwenye kifundo cha mguu. Na alipomaliza aliona kitu ambacho alikuwa hajakiona kwa sababu ya vile vidole. Alimwona mtoto mwenyewe. Mabega mapana ya kuogelea. Shingo ndefu. Msichana karibu mzima, aliyesimama ndani ya ngozi yake bila nafasi ya mtu mwingine.

Walipiga simu wakati wa mapumziko ya mchana ya kule alikokuwa mama. Nyuma yake mashine za kufulia zilikuwa zikinguruma. Simu iliwekwa mezani, juu ya vipande vya sare, ili wote wasikie.

"Mwanangu," Bibi akaanza, "ile suti ni kubwa."

"Kubwa?" Sauti ya mama ikaruka. "Kubwa kiasi gani?"

"Kubwa ya kukaa wawili," mjukuu akasema. "Mimi na mgeni."

"Niliongeza vidole," Bibi akasema. "Unanijua mama yako. Vile vipimo vina vidole viwili kila mahali."

Kule upande wa pili zikasikika mashine tu. Bibi akadhani mwanawe amekasirika. Kumbe analia, halafu kumbe anacheka, halafu vyote viwili kwa pamoja.

"Na mimi niliongeza saizi moja juu yake," alisema mama. "Nilisema anakua, isije ikambana upesi."

"Jamani!" mjukuu akashika kichwa. "Kwa hiyo mmenivisha ninyi wawili!"

"Mama, subiri, nisikilize," mama akasema, na sasa alikuwa akilia kweli. "Ulivyonitumia vile vipimo niliomba futi kwa mwenzangu anayerekebisha nguo za wafanyakazi. Nikajipima mwenyewe nione mwanangu ananifika wapi. Nikakuta amenipita kila mahali. Kifua, mikono, kila mahali. Nikakaa chini kwenye mashuka machafu. Nikasema basi, yamekwisha, nimemkosa. Nimeacha kitoto, nitakuta jimama lisilonijua."

Mjukuu alikuwa ameinamia simu kama anayetaka kuingia ndani yake.

"Sijakupita, Mama," alisema.

"Nisomee. Nisomee wewe mwenyewe, taratibu. Futi ninayo."

Akamsomea. Kila kipimo, mama alinyamaza kidogo, na Bibi akajua kwamba kule, katikati ya mashuka, mwanawe alikuwa akijizungushia futi mwilini na kubana kidole kwenye namba ya mtoto wake.

"Kifua, sawa na changu," alisema mama. "Mkono, sawa. Paja, sawa… Kiuno, hicho tukiache, tusiongelee watu."

Wakacheka.

"Mnalingana," Bibi akasema. "Kwa sasa hivi mnalingana."

"Kwa sasa hivi," akasema mama.

Mtoto akainuka kutoka kwenye simu. Alisema huku akitazama mashine ya kushonea, siyo simu.

"Mama, ulisema nikiweza kuogelea mpaka kisiwani utakuwa umeshafika."

Bibi akafumba macho. Mashine za kule zikanguruma, zikanguruma.

"Nilisema," mama akajibu. "Nilidhani kisiwa kiko mbali zaidi."

"Kwa hiyo nisiende? Naweza kungoja. Kocha anakwenda kila mwaka. Naweza kungoja mpaka urudi."

Hilo ndilo lililokuwa limekaa ndani ya mtoto siku zote hizo, na Bibi, aliyempima kila mahali, hakuwahi kulifikia. Akasubiri kama mtoto alivyosubiri. Alimwogopea mwanawe. Alijua jinsi neno la kukubali lilivyo karibu na ulimi wa mtu aliye mbali: ningoje, mwanangu, usifike bila mimi.

"Usiningoje," mama akasema. "Unanisikia? Mimi nitakuja nitakapokuja. Wewe ogelea. Nikukute mahali ulipofika, siyo mahali nilipokuacha." Akavuta kamasi. "Leo nikitoka kazini napita dukani. Yule mwenzangu anarudi huku wiki hii, na kuna mwingine anayekuja huko baada yake. Nitamwomba."

Huyo mwingine alikuwa kijana wa jikoni hotelini, mwenye haya, aliyekuja na mkoba mmoja tu, na nusu ya mkoba huo ilikuwa suti. Alikuwa ameacha nguo zake ili itoshe. Alikuwa amefuatana na mama siku ile dukani, na alisimulia akiwa amesimama pale mlangoni, akicheka kwa upole.

"Aliijaribu mwenyewe. Alihangaika nayo humo ndani mpaka tukamwita. Akatoka amebanwa, anatembea hivi," akatembea kama bata, "akaenda mpaka kwenye kioo. Akainua mikono kama anayeogelea. Muuzaji akamwuliza, 'Dada, unakwenda kuogelea wapi?' Akasema, 'Kisiwani.' Na mimi najua huyu dada hata beseni anaogopa."

Mjukuu aliichukua suti. Safari hii hapakuwa na taulo. Akaingiza mkono ndani ya mkono wa suti, taratibu, akauacha humo.

Siku ya kisiwa, ukingoni palijaa wazazi na chupa za chai. Filimbi alimfundisha Bibi kumvisha mtoto mfuko wa nailoni mguuni kwanza ili mpira uteleze. Walivuta pamoja, mtoto akiruka kwa mguu mmoja, akilalamika kwamba anaviringishwa kama soseji. Zipu ilipofika juu, Bibi alijaribu kupenyeza kidole shingoni. Hakikuingia hata kimoja.

"Imekamata," Filimbi akasema, akampiga mtoto begani. "Nenda."

Wakaingia majini kama kundi moja, kofia nyekundu nyingi, na baada ya boya la pili Bibi hakujua tena ni ipi yake. Hakukaa. Alisimama pale pale alipowahi kusimama ameshika taulo, na leo tena alikuwa ameshika taulo, lile jeupe. Kofia zikawa kama shanga, zikawa kama vumbi. Halafu kule mbali, juu ya mawe, vijitu vyeusi vikaanza kupanda kimoja kimoja. Kimoja kikasimama kando ya wenzake. Hakikupunga mkono upande wa ukingoni. Kilitazama upande mwingine, kule ambako ziwa linaendelea, kikakaa hivyo muda mrefu, kama mtu aliyefika mahali pa miadi na kuangalia nani mwingine amefika.

Kisha kikageuka, kikainua mikono yote miwili, kikaruka majini kurudi.

Bibi alimpokea kwa taulo. Mtoto alikuwa na joto. Hicho ndicho Bibi alichokiona kwanza: mwili wa moto ndani ya mpira wa baridi.

"Nimefika, Bibi."

"Nimekuona, mwanangu."

"Hapakuwa na mtu," akasema, akicheka kidogo huku machozi yakimtoka pamoja na maji ya ziwa. "Nilijua. Lakini niliangalia tu."

"Kuangalia hakuna ubaya," Bibi akasema, akamfuta uso.

Jioni waliosha suti zote mbili kwa maji baridi, wakazianika kwenye kamba nyuma ya nyumba, ile iliyombana na ile ya mtu ambaye hajafika. Mjukuu aliporudi kuanua alisimama mbele ya ile kubwa. Akaunyoosha mkono wake kando ya mkono wa suti, akapima.

"Bado," alisema.

Bibi alikuwa mlangoni na futi shingoni. Maisha yake yote alikuwa amewaombea watoto wa watu wajaze nguo zao upesi.

"Bado," akaitikia, na akaomba moyoni ipwaye hivyo hivyo kwa muda kidogo, mpaka yule wa ng'ambo naye afike.